Kinywa Kikavu

Baba yangu, Magige Burito, kazi yake ilikuwa kufundisha maksai. Ulimletea dume changa linalopiga teke hata ndoo ya maji, na baada ya wiki tatu alikurudishia mnyama anayevuta plau toka mwanzo wa shamba hadi mwisho bila kupinda. Hakuwa mtu wa kuchapa. Alikuwa na mluzi. Mluzi mfupi ulikuwa wa kwenda, mrefu wa kugeuka, na ule wa kushuka ulikuwa wa kusimama. Tulipohamishiwa kijiji cha Ujamaa mwaka 1974, upande wa Butiama, mwenyekiti alimkabidhi maksai wa shamba la kijiji wote sita, na hakuna aliyeuliza kwa nini yeye.

Mimi ni binti yake, Justina. Mama alifariki mwaka 1969. Kaka zangu wawili walikwenda Mwanza kutafuta kazi, wakazipata, na tangu hapo tukawa tunawasikia kwa salamu tu. Nilibaki mimi na baba. Mchana nililima, jioni nilifundisha kisomo cha watu wazima chini ya paa la ofisi ya kijiji, na baba alikuwa mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote.

Ugonjwa wake ulianza mwishoni mwa mwaka 1975. Wapo wanaosema ni kule kuhamishwa, kuacha boma la zamani na kaburi la mama. Mimi sijui. Wengi walihamishwa siku ileile, wakalia, wakajenga, wakaendelea kula. Baba alijenga vizuri, akala mwaka mzima, kisha akaacha. Alianza kuamka kabla ya jogoo na kukaa kitandani akitazama ukuta. Alisema moyo unamwenda mbio kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, na yeye amekaa tu. Suruali ilimpwaya, akaifunga kwa kamba. Alisahau kupiga mluzi, na maksai wakawa wanasimama katikati ya shamba wakimgeukia kumtazama.

Tulihangaika kama watu wanavyohangaika. Zahanati walimchoma sindano za malaria. Mganga mmoja wa milimani alitaka mbuzi mweusi, tukampa. Padri alimwombea na kumwekea mikono. Wote watatu walifanya kazi yao kwa moyo, na baba akazidi kukonda.

Siku niliyoogopa kwelikweli ilikuwa Jumapili moja ya Agosti. Nilimwona Pastory akipita amevaa koti la baba. Pastory alikuwa mwenzake wa kulima. Baba akiongoza maksai mbele, yeye alishika plau nyuma. Koti lile baba alilinunua Musoma mwaka wa Uhuru, na hakuwahi kumwazima mtu hata siku ya mvua. Nikauliza, nikaambiwa amepewa. Nikaenda kwa jirani, nikakuta jembe la baba nalo limepewa mtu. Nilirudi nyumbani nikamuuliza kulikoni anagawa vitu.

"Sitavihitaji," alisema.

Sikuhitaji aseme zaidi. Usiku huo nilivuta kitanda changu nikakiweka mlangoni, na wiki hiyohiyo nilimpeleka Musoma.

Tulifikia mtaa wa Kitaji, kwa mama mdogo Marcelina, mdogo wake mama. Hospitalini tulielekezwa kwa muuguzi aliyeshughulika na wagonjwa wa akili, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, jina lake Apolinary. Niliposikia neno "akili" nilitaka kumshika baba mkono tuondoke, maana kwetu neno hilo lina maana moja tu, na mtu wa namna hiyo hufungwa kamba. Baba ndiye aliyekaa. Apolinary alimuuliza maswali ambayo sikuwahi kuyathubutu. Analala saa ngapi? Anaamka saa ngapi? Anatamani kufa? Baba alijibu yote, hata lile la mwisho, kwa sauti ileile ambayo angetaja idadi ya ng'ombe wake. Daktari aliitwa, akampima moyo na mapafu, wakashauriana, kisha Apolinary akatoa vidonge vidogo vya njano. Jina la dawa lilikuwa refu, amitriptilini. Nililiandika kwa herufi kubwa ili nisilikosee.

"Mzee," alisema Apolinary, "hii dawa ina tabia moja ambayo lazima nikwambie, la sivyo utaniona mwongo. Maudhi yake yanatangulia, faida yake inachelewa. Wiki ya kwanza na ya pili utapata maudhi madogomadogo. Kinywa kitakauka. Utakuwa na usingizi mzito. Ukisimama ghafla utaona giza. Choo kinaweza kuwa kigumu. Wiki ya tatu au ya nne, ndipo moyo unaanza kutulia."

"Maudhi," alisema baba. "Kwani tutakuwa tumegombana?"

Apolinary alicheka. "Yeye atakuudhi wewe. Wewe usimuudhi kwa kumwacha bila kuniambia. Na pombe usiguse."

Kidonge kimoja kila usiku kwa wiki moja, halafu viwili. Nilikabidhiwa mimi vidonge vyote, vimefungwa kwenye karatasi. Apolinary alinitazama juu ya miwani yake akasema visikae mahali ambapo mzee anaweza kuvifikia peke yake. Nilimwelewa.

Siku tatu za kwanza tulizikaa palepale Kitaji. Asubuhi ya kwanza baba alilala mpaka jua likafika ukutani, jambo ambalo hata akiwa na homa hakuwahi kulifanya. Alipoamka alisimama mara moja kama alivyozoea, akayumba, akaangukia mtungi wa mama mdogo Marcelina. Mtungi ulivunjika. Mama mdogo alisema mtungi si kitu, ila jinsi alivyovitazama vile vigae niliona kwamba ni kitu. Asubuhi ya pili baba alisema ulimi umenata juu kama ugali wa jana. Asubuhi ya tatu alisema hivyohivyo, kwa hasira zaidi, nami nikafurahi kidogo kwa sababu ilikuwa miezi sijamsikia akikasirika.

Tuliporudi kijijini ndipo maudhi yalipoacha kuwa madogo. Siku nne hakwenda choo. Watu wa heshima hawaandiki mambo haya, lakini ndiyo yaliyotaka kutushinda, kwa hiyo nayaandika. Mikono ilimtetemeka, chai ikamwagika kwenye sahani. Kwenye kisomo alilalamika kwamba herufi zimeota manyoya. Na siku aliyokwenda shambani kujaribu, alikaza midomo apige mluzi, pakatoka pumzi tupu. Alilamba midomo, akajaribu tena. Kinywa kikavu hakina mluzi. Maksai walisimama wakitafuna. Pastory alijaribu kusaidia kwa mluzi wake, lakini wale wanyama hawakuujua, wakaondoka kwenda kunywa maji na plau nyuma yao. Watu wawili watatu waliokuwa wakipalilia walimwona baba akiyumba, wakasema Magige ameanza gongo.

Siku ya tisa, cha pili nikiwa sijathubutu kukiongeza, nilimpa kidonge, akakipokea, akanywa maji, akasema asante. Baada ya muda kidogo nilimwona akisimama ukutani, akichomeka kitu kwenye nyasi za paa. Nilikwenda kupapasa. Vilikuwa vitatu.

"Baba, ndiyo nini hii?"

"Mama," aliniita hivyo siku zote, "huzuni ilikuwaga moja. Sasa hivi niko na huzuni, na kiu, na tumbo, na macho. Dawa gani inaongeza?"

Nilikuwa na hasira ya kumtikisa. Nilikaa chini kwanza mpaka ipungue.

"Maksai ukimfunga nira mara ya kwanza," nikamuuliza, "wiki ya kwanza anafanyaga nini?"

"Anarukaruka. Anaweza akavunja hata nira yenyewe."

"Na unamchinja?"

Aliangalia vile vidonge mkononi mwangu. "Ningekuwa nachinja, kijiji hiki kingelima kwa kucha," alisema. Kisha akafungua kinywa, nikamwekea kimoja ulimini kama mtoto, na akanionyesha kwamba kimeshuka.

Baada ya wiki mbili tulirudi Musoma. Apolinary hakushangaa hata kidogo, na kutoshangaa kwake kulitupa nguvu. Alisema asiongeze kidonge cha pili mpaka wiki moja ipite, mwili uzoee. Ameze mapema jioni, mara tu baada ya kula, ili usingizi uishe na usiku. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda, miguu chini, ahesabu mpaka ishirini, ndipo asimame. Kwa kinywa, atafune muwa, anyonye ndimu, abebe kibuyu cha maji shambani. Kwa tumbo, papai kila siku, na mlenda, na maji zaidi ya anavyotaka. Kutetemeka na macho, tuvipe siku. Tulivipa siku. Baba alihesabu mpaka ishirini kila asubuhi kwa sauti, na kwa kuwa alikuwa akijifunza namba kwenye kisomo, aliziruka zile zilizomshinda. Kumi na saba hakuwahi kuitaja.

Tena, alipokosa mluzi, alianza kuwazungumzisha maksai kwa majina. Ilichukua siku nyingi. Alipaza sauti, wakamtazama, akarudia. Hakukata tamaa, na mimi niliyekuwa nimemzoea akikata tamaa ya kuvaa viatu, niliona hilo.

Ilikuwa wiki ya tano, jioni ya kawaida kabisa. Nilimwekea ugali na mchicha. Alimega tonge, akachovya, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mchicha huu hauna chumvi," alisema.

Miezi kumi alikuwa akila chochote, au hali, bila neno. Nilikwenda jikoni kuchota chumvi nikalia hukohuko, niliporudi nikamwambia ni moshi.

Sasa niseme habari za Mihayo. Mihayo alikuwa mkulima wa pamba wa upande wa Bunda. Mwaka uliotangulia ugonjwa alimletea baba madume wawili awafundishe, na alikuja kuwatazama kila wiki, mara nyingi kuliko madume wanavyostahili kutazamwa. Nilikuwa nimemkubali. Ndoa ilisimama baba alipougua, kwani sikuweza kumwacha. Sasa baba mwenyewe alituma ujumbe Bunda kwamba waje. Mahari yalikwisha kuzungumzwa tangu zamani. Harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, kabla ya Majilio, na baba angeishi na dada yake mkubwa, shangazi Boke, ambaye alikubali kuhamia kwetu.

Shangazi Boke alifika siku kumi kabla ya harusi, na kuanzia hapo nyumba ikawa ndogo. Alikuwa mwanamke wa kushika desturi kama watu wengine wanavyoshika rozari, na rozari pia alishika. Desturi aliyoijia yeye ni hii: katika ukoo wetu, binti hatoki nyumbani kwenda kuolewa mpaka baba yake amtemee mate. Hutema kidogo, mate ya kunyunyiza, kifuani na kwenye paji la uso, huku akitamka heri. Na mate yenyewe lazima yawe ya alfajiri, ya kinywa ambacho hakijafunguliwa, yaani hakijapita maji wala chakula tangu jana. Mate yaliyochanganyika na kitu kingine si mate ya mzazi, ni mate ya hicho kitu.

Asubuhi yake ya pili alimwona baba akiamka, akikaa ukingoni, akihesabu namba zake, kisha akinyoosha mkono kuchukua kibuyu kabla ya kumsalimia mtu.

"Kaka," alisema shangazi, "kinywa chako kinakaukaga hivyo kila siku?"

"Ni dawa."

"Dawa." Alilitazama lile neno kama kitu kilichodondoka kwenye maziwa. "Mimi najua tangu bibi zetu, kinywa kikavu alfajiri ni cha mtu aliyelala na kinyongo. Jumamosi utasimama mbele ya watu wa Bunda, uteme, isitoke kitu. Watasema nini? Watasema baba hajaridhia. Na mtoto akikosa uzazi huko, atakuja kumuuliza nani?"

Baba alikunywa maji yake, akatoka nje. Jioni ile nilimkuta nyuma ya nyumba. Nilitaka kumwambia asimsikilize, lakini alinitangulia.

"Labda ni kweli," alisema. "Nimejichunguza. Sitaki uende. Nasema uende, na nataka uende, na sitaki. Labda kinywa kinajua."

"Kinywa kinajua amitriptilini," nilimwambia. Nilikuwa mkali kwa sababu maneno yale yalinichoma. Na mimi nilitaka yale mate. Nisijifanye. Nilikuwa na kisomo, nilikuwa nafundisha watu wasimwogope bundi, na bado nilitaka baba yangu anitemee mate kifuani kama mabinti wote wa ukoo walivyotemewa. Msichana asiye na mama hataki kwenda kwa watu mikono mitupu.

Wiki ya harusi nilikuwa na shughuli za kutwanga, kushona na kupokea wageni, na usiku nilimwachia shangazi ampe baba vidonge. Alhamisi asubuhi nilikuwa kisimani niliposikia mluzi. Mfupi, safi, kisha ule mrefu wa kugeuka. Wanawake waliokuwa nami walicheka kwa furaha. Mmoja alisema, "Magige amepona jamani." Mimi niliweka ndoo chini. Mluzi unataka mate, na mate yalikuwa hayapo kwa karibu miezi mitatu.

Nilikwenda nyumbani moja kwa moja nikafungua karatasi. Vilitakiwa vibaki vidonge kumi. Vilikuwa kumi na nane. Siku nne.

Nilianza na shangazi. Alisema hakumzuia mtu, kaka yake alikataa mwenyewe na yeye si askari wa mtu mzima. Nilimfuata baba shambani.

"Mpaka Jumamosi tu," alisema, akaniwekea mkono begani. "Nikishakubariki, jioni nameza. Naapa. Angalia, mate yamerudi." Akatema chini, mbali, kama kijana anayejionyesha.

Na mimi nikakubali. Hili ndilo jambo ambalo sikuwahi kumwambia Mihayo, na naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Nilijua, Apolinary alikuwa ametuambia wote wawili, nikahesabu siku zilizobaki, nikasema mbili si nyingi. Nilimwacha akiwa bila dawa kwa sababu nilitaka kubarikiwa.

Ijumaa hakumaliza chakula. Alitokwa jasho na wageni waliona ni joto. Aliwasalimu wote vizuri, akawacheka, akanywa maji badala ya pombe, kila mtu akasema mzee amerudi. Mimi pia nilisema hivyo.

Jumamosi niliamka kabla hakujapambazuka sawasawa. Shangazi alikuwa ameshatandika ngozi mahali pa kusimama, na wazee watatu wa ukoo walikuwa wamekaa ukutani wakimsubiri baba. Kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilimkuta zizini. Amewafungua maksai wake wawili, wale wake mwenyewe si wa kijiji, na ameshika kamba zao. Pastory alikuwa amesimama mbele yake, bado ana usingizi.

"Wachukue," baba alikuwa akimwambia. "Huyu wa kulia anapenda kutangulia, usimkatalie. Ni wako."

Pastory alinigeukia. "Justina, mimi sielewi. Ananipa ng'ombe wake asubuhi ya harusi?"

Mimi nilielewa. Nilimtazama baba usoni. Uso ulikuwa umetulia, na utulivu ule nilikuwa nimeuona mara moja tu, Jumapili ile ya koti. Alikuwa anamaliza shughuli zake. Alinibakiza mimi, angenibariki, niende Bunda, na kingekuwa kitu cha mwisho kwenye orodha yake.

Nilikwenda ndani nikachukua kidonge kimoja na kikombe cha maji, nikamshika baba mkono, nikamleta mpaka pale penye ngozi, mbele ya wazee na mbele ya shangazi. Sikutaka lifanyike kwa siri, kwani siri ndiyo iliyotufikisha pale.

"Meza," nilisema.

"Mama, nikipitisha maji kinywa kimefunguka."

"Najua."

"Basi ngoja. Natema kwanza, halafu nameza. Ni dakika moja."

Alikuwa amesema jambo la haki kabisa, na kila mtu pale alilielewa hivyo. Wazee waliitikia kwa vichwa. Dakika moja ingetosha, ningepata vyote viwili. Lakini nilimjua baba yangu. Akishanitemea, angekuwa huru. Kilichokuwa kimemshikilia asubuhi ile duniani ni yale mate ambayo alikuwa hajayatoa.

"Hapana," nilisema. "Sitaki mate. Ukinitemea umenimaliza, na ukinimaliza utakwenda. Bakia unanidai baraka."

Shangazi Boke alijifunika kichwa kwa khanga. Mzee mmoja alisema binti haongei hivyo na baba yake, na alikuwa sahihi, haongei hivyo. Baba alinitazama, akamtazama Pastory aliyekuwa amesimama na kamba mbili za ng'ombe asijue aziweke wapi. Akajua kwamba najua. Niliona anajua. Nilifikiri atakisukuma kikombe.

Alichukua kidonge, akakiweka ulimini, akanywa maji yote. Akafungua kinywa, akanionyesha kwamba kimeshuka, mbele ya wazee wa ukoo, kama mtoto.

"Kimeshuka," alisema. "Pastory, rudisha ng'ombe zizini." Kisha akanigeukia. "Nenda. Utanikuta."

Nilitoka nyumbani kwa baba yangu sijatemewa mate. Kidonge kikanywewa alfajiri badala ya usiku, na matokeo yake kila mtu aliyeshuhudia ndoa yangu aliyaona. Baba alilala misa nzima. Alilala wakati wa mahubiri, akakoroma wakati wa viapo, na Mihayo alipokuwa akinivika pete watu wa Bunda walikuwa wakigeuka kutazama benchi la mbele. Walisema mkwe wao ni mlevi. Niliwaacha waseme hivyo, jambo hilo walilielewa kwa urahisi zaidi.

Mimba yangu ya kwanza ilichelewa miaka mitatu, na hakuna mtu wa ukoo aliyekosa kutaja sababu. Shangazi Boke alinitumia ujumbe mara mbili kwamba nije nitengenezwe. Lakini hata yeye, kwa kinyongo chake chote, kila jioni baada ya chakula alimtolea kaka yake vidonge viwili, na kusimama palepale mpaka aonyeshe ulimi. Apolinary alitaka ameze mwaka mzima. Alimeza mwaka na nusu, kinywa kikavu muda wote, na akilalamika.

Wiki nne baada ya harusi, nilipopata ruhusa ya kwanza ya kutoka nyumbani kwa mume wangu, nilipanda gari la asubuhi Bunda, nikateremka Kiabakari na kuanza kutembea. Sehemu ya mwisho nilishindwa kutembea, nikakimbia na viatu mkononi, mke wa mtu, watu wananitazama. Sikusalimu mtu njiani. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilizunguka nyuma ya nyumba.

Nilimkuta.